Mondlane na Suala la Rangi

Huenda mkashangaa kumkuta Mkristo katika ukurasa huu. Mimi ni Mmwani wa Quiterajo, wilaya ya Macomia, na ni katika wilaya hiyo, pale Chai, FRELIMO ilipofyatua risasi zake za kwanza tarehe 25 Septemba 1964. Kiongozi wake alikuwa Eduardo Mondlane.

Alizaliwa 1920 huko Manjacaze, kusini. Mwaka 1949 makaburu walimfukuza Afrika Kusini akiwa mwanafunzi wa Witwatersrand. Akasoma Lisbon, kisha Marekani, akapata udaktari mwaka 1960 kwa tasnifu iliyogusa suala la rangi. Mkewe, Janet, alikuwa Mmarekani mweupe.

Sababu za kulipiza kisasi zilikuwapo. Mueda, tarehe 16 Juni 1960, Wareno waliwapiga risasi raia waliokusanyika. Lakini Angola ya 1961 ilikuwa imeonyesha chuki hufika wapi: wapiganaji wa UPA waliua walowezi pamoja na watoto wao, na hawakuwaacha hata vibarua weusi waliotoka kusini. Walowezi nao wakaua Waafrika wengi zaidi, mwenye hatia na asiye na hatia.

Mondlane alishikilia kwamba adui ni ukoloni. Raia asiuawe kwa weupe wake, wala mateka asiuawe. Msimamo huo ulimletea maadui ndani ya nyumba yake. Mwaka 1968 wanafunzi wa shule ya FRELIMO, Dar es Salaam, waliwakataa walimu weupe. Lázaro Nkavandame, mkubwa wa chama katika Cabo Delgado yetu, akawa mpinzani wake. Julai mwaka huo mkutano mkuu ulimchagua Mondlane tena.

Nimemsoma kwa uzito. Tulipokimbia vita hivi vya sasa, kwenye kizuizi kimoja kila mwenye lafudhi ya Kimwani alitazamwa kama muasi. Baba alivuliwa shati mbele yetu, mabega yake yakakaguliwa alama za bunduki. Tangu siku ile nililichukia kabila zima la yule askari, hata mama wa kabila hilo aliyetuuzia mihogo kambini. Aya ya 8 ya Suratul Maida nilikuwa nikiisoma haraka haraka ili niipite.

Tarehe 3 Februari 1969, Dar es Salaam, Mondlane alifungua kifurushi cha kitabu kilichotegwa bomu. Mwaka huohuo Nkavandame alijisalimisha kwa Wareno; baada ya uhuru FRELIMO ilimuua bila mahakama, jambo ambalo halisemwi sana kwetu. Mondlane alizikwa Kinondoni, akaacha mjane na watoto watatu.