Sherrington na Sufuria ya Chai

Leo nawasimulia maisha ya Charles Sherrington, mtaalamu wa neva aliyeninyima usingizi.

Alizaliwa London mwaka wa 1857, akasoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka wa 1895 alikuwa profesa Liverpool, na kuanzia 1913 akafundisha Oxford. Mwaka wa 1897 ndiye aliyepaita sinapsi mahali neva moja inapokutana na nyingine. Alionyesha pia kwamba msuli mmoja ukijikaza, mwenzake wa upande wa pili hulegezwa, la sivyo hatungeweza hata kutembea. Hakuwa mtu wa kujivuna. Mwaka wa 1915, profesa mzima, alifanya kazi ya mikono katika kiwanda cha makombora mjini Birmingham ili achunguze uchovu wa wafanyakazi. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1932 pamoja na Edgar Adrian, akafariki mwaka wa 1952.

Kumbe elimu yake inanihusu! Mamangu huwauzia chai madereva wa matrela wanaongoja kuvuka kwenda Uganda. Jioni moja niliishika sufuria bila kitambaa. Mkono ukachomoka wenyewe, chai yote ikamwagika. Habari ya moto ilikimbia hadi kwenye uti wa mgongo, na amri ikarudi papo hapo kwenye misuli bila kungoja ubongo. Maumivu niliyasikia baadaye. Kwa hivyo mkono wangu haukuwa na hatia.

Lakini Mama alipouliza ni nani aliyemwaga chai, nilimtaja ndugu yangu mdogo. Alichapwa, maskini, na mimi nikitazama tu. Hebu fikirini, je, neno lile lilitoka kwenye uti wa mgongo? La! Lilianzia ubongoni. Nililipima, nikalichagua, ndipo ulimi ukatumwa. Hicho ndicho kitendo cha hiari, na mwenyewe ndiye mwenye kujibu.

Kabla ya kumpa mwalimu makala haya, nilimweleza Mama ukweli, kisha nikamwomba ndugu yangu msamaha. Ilinichukua siku tatu. Mkono ulikuwa umejiondoa motoni kufumba na kufumbua, lakini kuungama hakuna neva ya kukusukuma. Ni lazima uamue mwenyewe.

Kalamu naiweka chini.