IBN BATTUTA NA VIJANA WA ZAWIYA

 

Jina la Ibn Battuta bila shaka umelisikia. Mwalimu alikuambia ni msafiri wa zamani aliyepita Mombasa, ukaandika kwenye daftari, mkaishia hapo. Leo tumfuate mbali kidogo, hadi kwenye nchi ya misitu na baridi, maana huko yuko kijana mwenzako ambaye ni vizuri umjue.

Abu Abdillah Muhammad Ibn Battuta alizaliwa Tangier, Morocco, mwaka 1304 (703 Hijria), katika ukoo wa makadhi. Juni 1325 aliaga wazazi wake akaondoka peke yake kwenda Hijja. Alikuwa na miaka 21. Nia ilikuwa Hijja tu, lakini kurudi kwake Morocco ilikuwa 1349. Hebu piga hesabu mwenyewe.

Katika safari hizo ndipo alipoteremka pwani yetu, Mogadishu, kisha Mombasa, kisha Kilwa. Mwaka unaotajwa sana ni 1331, ingawa wanahistoria wanavutana. Hapa kwetu alilala usiku mmoja tu. Aliona ndizi, ndimu na zambarau, watu wakila ndizi na samaki, na nafaka ikiletwa kisiwani kutoka Sawahil. Aliona misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na kila mlangoni kisima kimoja au viwili, kata ya mbao ya kuchotea maji, na jamvi nene la kupangusia miguu. Watu wa Mombasa aliwasifu kwa dini yao. Asubuhi akapanda chombo akaenda zake.

Baadaye alifika Syria, na kwenye bandari ya Latakia akapanda jahazi la watu wa Genoa kwenda nchi ambayo leo ni Uturuki. Siku zile ilikuwa imegawanyika kwa masultani wengi wadogo, na Waosmani walikuwa mmoja tu kati ya hao. Alipokuwa Antalya akajiwa na mtu mwenye nguo zilizochakaa na kofia ya sufu kichwani, akimwalika chakula yeye na wenzake. Ibn Battuta hakujua Kituruki. Alipotafsiriwa alishangaa, akaona maskini huyu ataweza wapi kulisha kundi zima? Shekhe aliyekuwa naye akacheka. Kumbe yule ni mshona viatu, na nyuma yake ana mafundi kama 200 wa kazi mbalimbali waliomchagua awe mkubwa wao. Wamejenga zawiya, na wanachochuma mchana wanakitumia usiku kwa wageni.

Hao ndio walioitwa Akhi. Wengi wao walikuwa vijana wasiooa, watu wa kazi za mikono. Baada ya Alasiri kila mmoja humletea mkubwa wao alichopata siku hiyo, kikanunuliwa chakula na matunda. Akija msafiri, yeye ndiye mgeni wao mpaka aondoke. Asipokuja mtu, hula wenyewe pamoja. Hapakuwa na mfadhili kutoka nje wala harambee. Ibn Battuta aliwakuta karibu kila mji aliopita, na tayari alikuwa ameona Misri, Sham, Iraq na Yemen. Alisema hajaona mfano wao duniani.

Ramadhan ilimkuta mji wa Egirdir, ulio kando ya ziwa. Kila usiku sultani wa pale alikaa chini kwenye zulia bila kiti, na futari ilianza kwa sahani ndogo ya tharidi yenye adesi, samli na sukari. Walitanguliza tharidi kwa baraka, kwa kuwa Bwana Mtume (S.A.W.) alikipenda chakula hicho.

Walipoingia mji wa Ladhiq, ambao leo unaitwa Denizli, watu walitoka madukani wakashika hatamu za farasi wao. Kundi jingine likaja kuwazuia, wakaanza kugombana, wengine wakachomoa visu. Wageni wakajua leo wameangukia majambazi. Akapatikana haji mmoja anayejua Kiarabu, akawaeleza kuwa hayo ni makundi mawili ya Akhi na kila moja linataka liwakaribishe lenyewe! Ikapigwa kura, na Idi-el-Fitri wakaisali huko huko.

Ashura ilimkuta Bursa, mji wa Sultan Orhan wa Waosmani, akiwa mgeni wa Akhi. Ilikuwa majira ambayo sisi huku tunangoja mvua za vuli. Kule majani ya miti hugeuka manjano na mekundu, yakapukutika, na baridi ikaanza kushuka milimani. Akaenda Iznik, akakaa siku 40 kwa sababu farasi wake aliugua, na mkalimani wake akabaki huko. Basi akaingia nchi ya misitu na milima, kuelekea Bolu na Kastamonu, bila mtu wa kumsemea.

Mto Sakarya walivushwa kwa chelezo cha magogo manne kilichovutwa kwa kamba, farasi wakiogelea. Wewe wa Likoni unayelalamikia feri, fikiria hilo. Ng'ambo, katika mji wa Geyve, Akhi mwenyeji hakujua neno la Kiarabu, akaitiwa fakihi wa mji. Fakihi naye hakijui, lakini aone haya mbele ya watu? Akawaambia wenyeji kwamba wageni hawa wanasema Kiarabu cha kale, na yeye anajua kile kipya. Akhi akaamini kuwa hicho cha kale ndicho alichosema Mtume na Maswahaba, akazidi kuwakirimu. Ibn Battuta alikuja kuyaelewa maneno yale siku nyingi baadaye, alipojifunza Kifarsi.

Njia ya kwenda Mudurnu ndiyo ilitaka kumuua. Theluji nyingi ilianguka usiku. Kiongozi waliyemkodi akadai pesa njiani, alipopewa akatokomea akawaacha. Wakafuata alama za njia chini ya theluji mpaka jua likakaribia kuzama. Wakiteremka wakae, watakufa kwa baridi. Wakienda, hawajui waendako. Farasi wake alikuwa mzuri kuliko wa wenzake, akaamua kutangulia peke yake, kwamba yeye akiokoka huenda akawaokoa na wao. Giza likaingia. Akaona nyumba za mbao, akashukuru, kumbe ni makaburi, maana watu wa huko walijenga vibanda vya mbao juu ya makaburi yao. Akaendelea. Baada ya Isha akafika mlango wa nyumba, akamkuta mzee. Akamwambia kwa Kiarabu, mzee akamjibu kwa Kituruki. Kwa bahati ilikuwa zawiya, na ndani mlikuwa na mtu anayemfahamu. Wakatoka naye gizani wakawaleta wenzake wote.

Usidhani nakuchorea malaika. Katika msafara ule walikuwemo watumwa aliowanunua, na kijakazi wake mmoja nusura afe maji walipovuka mto karibu na Bolu. Waliingia Bolu wameloa, na hapo tena wakapokewa na Akhi. Zawiya za huko zilikuwa na meko kila pembe, na dohani za kutolea moshi, moto hauzimwi msimu wote wa baridi. Wakavuliwa nguo mbichi, wakapewa kavu, wakalishwa.

Maisha yake yaliyobaki nayapita haraka. Alikuwa kadhi Delhi na visiwa vya Maldives, akafika Uchina. Mwaka 1348 akiwa Damascus aliambiwa baba yake amefariki miaka 15 nyuma. Mwaka uliofuata, akiwa karibu kufika nyumbani, akapata habari kwamba mama yake naye amekufa kwa tauni. Alikwenda Tangier kuzuru kaburi lake.

Kwa amri ya sultani wa Fez alimsimulia safari zake Ibn Juzayy, aliyeziandika kitabu kikakamilika 1355. Mombasa imo, maneno machache tu, visima na majamvi ya mlangoni. Wale vijana wa zawiya wamejaa kurasa kwa kurasa.