Siti binti Saad alikuwa mfinyanzi kabla ya santuri

Wiki hii nawaandikia kutoka mbali na bahari. Niko Namboboto, nchi ya Wasamia, kaunti ya Busia, karibu kabisa na mpaka wa Uganda. Nilikuja kwa mambo ya ukwe, yakamalizika kwa heri, nami nikabaki siku mbili zaidi kwa sababu ya vyungu.

Jirani wa wakwe zangu ni mama mfinyanzi. Binti yake, aliyemaliza shule juzijuzi, humpiga picha mamake akiwa kazini na kuzituma mitandaoni. Sifa zinamiminika. Wanaokuja kununua ni wachache, na kila anayekuja anaanza kwa kuomba apunguziwe. Mama anasema ufinyanzi utakwisha siku atakapokwisha yeye. Binti anashikilia kwamba simu ndiyo itakayouokoa. Wakanitaka mimi mgeni nitoe kauli, nami nikawapa kisa cha mtu wa kwetu badala ya kauli. Magharibi ilinikuta njiani, kwa hiyo nakimalizia hapa.

Mtu huyo ni Siti binti Saad. Najua mtasema mnamjua. Kila mmoja wetu wa pwani anamjua Siti wa taarabu. Siti wa udongo ndiye ninayetaka kumzungumza.

Alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, mwaka 1880. Baba yake asili yake Mnyamwezi, mama yake Mzigua. Jina alilopewa mtoto lilikuwa Mtumwa. Biashara ya kuuza watu sokoni ilikuwa imepigwa marufuku tangu 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja hadi 1897. Kwa hiyo miaka yake 17 ya mwanzo aliiishi katika kisiwa ambacho binadamu bado alikuwa na mwenyewe. Jina la Siti, yaani bibi wa heshima, lilikuja baadaye, alipokwisha kuwa mtu mbele za watu. Shule hakupelekwa. Kusoma na kuandika hakujua.

Alichofundishwa nyumbani ni kulima na kufinyanga, na hapo kwenye kufinyanga nitakaa kidogo, maana wengi wetu tunakitumia chungu bila kujua kinavyotoka. Udongo unachimbwa, unachambuliwa mawe na mizizi, unarowekwa, unakandwa mpaka ushikane. Huchanganywa na mchanga au vigae vilivyotwangwa ili usipasuke motoni. Mfinyanzi wa kwetu hana gurudumu. Anapandisha ukuta wa chungu kwa vidole, duara juu ya duara, huku yeye mwenyewe akikizunguka. Kisha anakilainisha kwa kokoto au ganda la pwani. Kinakaa kivulini siku kadhaa, kwa sababu jua la ghafla hukipasua. Halafu ndipo moto wa wazi, wa kuni na nyasi, au makumbi kwa sisi wa minazi. Upepo ukigeuka wakati huo, kazi ya wiki nzima inakwisha kwa mlio mmoja. Niliyoyaona Namboboto hayakutofautiana na hayo ila kwamba makumbi hakuna.

Hapo kazi ni nusu tu, maana chungu hakijauzwa. Kutoka Fumba hadi mjini ni zaidi ya kilomita 15. Siti alitia kata kichwani, juu yake vyungu na mitungi ya mamake, na baadaye ya kwake, akazunguka kijiji hadi kijiji. Mwenye mzigo wa udongo kichwani hawezi kupiga hodi kila mlango na kujipinda kila ua. Lazima sauti itangulie, mnunuzi atoke mwenyewe. Kwa hiyo alinadi kwa kuimba, na husimuliwa kwamba watu walimtambua kabla hajaonekana. Mimi naamini kifua kile kilichokuja kustaajabisha wapigaji wa mjini kilijengwa kwenye njia ya Fumba, na mzigo kichwani ndio uliomfunza kusimama wima na kupumua kwa hesabu. Wanaosema aliacha ufinyanzi akawa mwimbaji wanakata kitu kimoja vipande viwili.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Taarabu aliyoikuta ilikuwa ya watu wengine. Ilikuwa imeletwa katika jumba la kifalme zama za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, kutoka Misri, na ikaimbwa kwa Kiarabu. Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa 1905, ilikuwa ya wanaume. Mwanamke wa shamba, asiyejua kusoma, wa ukoo ule, hakuwa na kiti humo. Alijifunza kwa wapigaji waliotambua thamani ya sauti yake, kisha akawa na kundi lake: Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Maalim Shaaban, na Mbaruk Effandi Talsam, ambaye asili yake ni kwetu Mombasa. Pamoja nao aliifanya taarabu izungumze Kiswahili, cha watu wa Ng'ambo, cha waliobeba mizigo na waliofua nguo.

Alitukanwa kwa hilo. Wapinzani wake walimtungia mashairi wakimkumbusha alikotoka, kaniki zake za shamba, na sura yake waliyoiona si ya mwimbaji. Naye alijibu kwa kuimba kwamba sura nzuri si hoja, bali akili na maneno ya mtu. Jibu lile linaimbwa mpaka leo, na waliomtukana majina yao tumeyasahau.

Nyimbo zake zilikuwa pia gazeti la wasiosoma. Mashuhuri kuliko zote labda ni ule wa Kijiti, mtu aliyemuua mwanamke mgeni kisiwani, akavuka bara asipatikane, huku waliokwenda kutoa ushahidi wakigeuziwa kesi. Mahakama ilifunga faili lake. Wimbo haukufunga. Siti aliweza kuimba jumbani kwa Sultani na harusini kwa matajiri, kisha akarudi Ng'ambo usiku na kuimba habari ambayo jumbani isingependeza.

Sasa mashine. Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya Kiingereza ya His Master's Voice. Kabla ya hapo, aliyekuwa na gramafoni Unguja au Mombasa alisikiliza nyimbo za Misri na za India. Lugha yake mwenyewe ilikuwa haimo ndani ya sanduku. Santuri za Siti ziliporudi zilienea pwani nzima na bara, na watu ambao wasingemwona maisha yao yote wakaijua sauti yake vibarazani na kwenye mikahawa.

Lakini mashine ilikuwa na masharti yake. Upande mmoja wa santuri za siku zile ulichukua kama dakika tatu. Wimbo wa taarabu, kama ujuavyo, hauna haraka. Mwimbaji anarudia ubeti kwa sababu fulani ameguswa, anangoja mtu atunze, anajua nani yuko ukumbini na neno lipi limfikie. Hayo yote yalibaki nje. Sanduku lilichukua sauti na maneno, likaacha usiku wenyewe. Aliyetaka usiku wenyewe bado alilazimika kwenda nyumbani kwa Siti.

Hapa ndipo nilipomwambia binti wa Namboboto hesabu moja. Kutoka 1911 mpaka 1928 ni miaka 17. Siti alikwenda Bombay akiwa na miaka 17 ya kuimba mjini, usiku baada ya usiku, na kabla ya hapo miaka yote ile ya kunadi vyungu. Mashine ilikuta kitu kilichokwisha kuiva. Simu ya binti huyu ni Bombay yake, na ni halali yake kuitumia. Sioni haya kusema kwamba mama anakosea anapoiogopa, kwa sababu Siti hakuogopa gramafoni. Lakini na binti pia hajui kitu kimoja: yeye mwenyewe bado hajakaa chini na udongo. Anapiga picha mikono ya mwingine. Mikono hiyo ikichoka, simu itabaki na nini cha kuonyesha?

Wasamia wenyewe wanalo somo lao, na nilikumbushwa na wazee wa hapo. Milima ya Samia ina chuma, na wahunzi wa kabila hili waliyeyusha na kufua majembe yaliyosafiri mbali, yakauzwa kwa majirani pande zote mbili za mpaka wa leo. Jembe la Msamia lilikuwa mali, hata mahari lililipa. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, majembe ya viwandani kutoka Ulaya yakafuata, rahisi na yanayofanana yote. Tanuri zikapoa. Halikuwa kosa la jembe la mhunzi. Hakuna aliyelipigania bei.

Na bei ndiyo ninayoona tunaikimbia tunapozungumza habari ya kazi za mikono. Tunasema utamaduni, tunasema urithi, tunapiga picha. Halafu tunasimama mbele ya mama aliyechimba, akakanda, akafinyanga, akachoma, na kumwambia chungu chake ni ghali. Mtu huyo huyo akienda dukani Busia anachukua beseni la plastiki, anasoma bei iliyobandikwa, analipa bila neno. Beseni hilo huenda lilishushwa Kilindini kwetu, likapandishwa lori, likapita na kontena zile zinazopanga foleni Malaba. Kila aliyeligusa njiani amelipwa. Mfinyanzi hajavuka hata barabara, tunamwambia apunguze. Sisi wa pwani tusijione bora. Nendeni mkaulize wasusi wa mikeka na wachonga milango wetu wanavyokatwa bei na watu wanaowasifu.

Siti alilijua hilo la bei kuliko wengi. Aliyezaliwa katika nchi ambayo mtu alikuwa na bei, akauza vyungu kwa mkono, akauza sauti kwa kampuni, hakuhitaji kufundishwa. Ndiyo maana nyimbo zake zimejaa habari za haki na dhuluma, za mwenye nacho na asiye nacho, za mwanamke anayefanya kazi na mwanamume anayekula jasho lake.

Alifariki mwaka 1950. Miaka ya mwisho alikuwa mgonjwa na hakuwa tena na sauti ile. Shaaban Robert, mshairi wetu mkubwa, alimwahi kabla hajaondoka na akaandika wasifu wake, kitabu ambacho mpaka leo ni miongoni mwa tawasifu na wasifu wa mwanzo wa mwanamke wa kawaida kwa Kiswahili. Angeweza kuanza jumbani au Bombay. Lakini Fumba na vyungu vimo ndani yake. Baadaye waandishi wanawake wa Tanzania, TAMWA, wakalipa jarida lao jina la Sauti ya Siti. Na Bi Kidude, aliyefariki 2013, alizibeba nyimbo zake mpaka majukwaa ya Ulaya, akiziimba kwa moyo, maana naye alizipata kwa kusikiliza.

Sauti tunayo basi, angalau kwa mikwaruzo yake. Vyungu ndivyo ambavyo hatuna. Mfinyanzi hatii jina kwenye chungu, na chungu kikivunjika kinakuwa kigae, na kigae kinatwangwa kutengenezea chungu kingine. Pengine vipande vya kazi ya mikono yake vilikaa ndani ya mitungi ya Fumba miaka mingi baada yake, na waliochota maji hawakujua.

Fumba hiyo sasa inajengwa mji mpya. Maghorofa yanapanda, na nyumba zake zinatangazwa kwenye simu hizi hizi. Sina ugomvi na anayejenga. Nina ombi kwa wasomaji wetu wa Unguja walio karibu: ukimjua bibi yeyote wa Fumba au vijiji vya jirani anayekumbuka udongo ulichimbwa wapi na kukandwa vipi, mkalie kitako umsikilize, na kama bado anaweza, akufinyangie kimoja mbele yako umlipe anachosema. Na mwenye santuri za Siti kwao, zilizolala chini ya kitanda cha marehemu babu, asiziuze kwa wapitaji bila kuzisikiliza kwanza.