Ziryab, Fundi wa Udi Aliyeifanya Nyumba Yake Chuo

Habari ninayotaka kuwasimulia leo ilianza na uzi mmoja. Mpwa wangu, kijana apendaye taarab kuliko chakula, alinijia nyumbani Mji wa Kale hapa Mombasa akiwa na gitaa la besi lenye nyuzi tano. Mimi nimezoea besi ya nyuzi nne, basi nikamwuliza huu wa tano ni wa kazi gani. Akanijibu kwamba aliyemwuzia alimwambia ndiyo mtindo. Jibu hilo halikunitosheleza, na nilimwona kuwa yeye pia halikumtosheleza.

Siku zile tulikuwa tukitengeneza chumba cha juu kiwe mahali pa kufanyia mazoezi. Kinanda cha umeme tulikiweka karibu na dirisha, spika ya besi tukaiweka pembeni, na udi wangu ukabaki umetundikwa ukutani mahali pake pa siku zote. Kinanda kile tulikipunguza sauti za Mi na Si kwa robo, kwa sababu bila ya hivyo maqamu ya Rast haitoki, hata ukibonyeza mpaka vidole vife ganzi. Nyaya za umeme tukazitenga na nyaya za sauti ili spika isivume. Kwa ufupi, vifaa vilikuwa tayari. Kilichokosekana ni kujua tunavitakia nini.

Ndipo nikamsimulia mpwa wangu maisha ya mtu aliyeongeza uzi wa tano katika udi kiasi cha miaka 1,200 iliyopita, naye alijua hasa kwa nini aliuongeza.

Mtu huyo ni Abu al-Hasan Ali ibn Nafi, lakini ulimwengu unamjua kwa lakabu yake, Ziryab. Hilo ni jina la ndege mweusi mwenye sauti tamu, naye aliitwa hivyo kwa weusi wa ngozi yake na uzuri wa ulimi wake. Alizaliwa mwishoni mwa karne ya 8 Miladia, na alikuwa maula, yaani mtu aliyefungamana na nyumba ya Khalifa al-Mahdi wa ukoo wa Abbas. Alilelewa Baghdad katika siku ambazo mji ule ulikuwa taa ya elimu, na mwalimu wake wa muziki alikuwa Ishaq al-Mawsili, mwimbaji mkuu wa zama zake.

Inasimuliwa kwamba siku moja Khalifa Harun al-Rashid alimtaka Ishaq amletee mwimbaji mpya. Ishaq akamleta mwanafunzi wake. Alipopewa udi wa mwalimu wake apige, Ziryab alikataa kwa adabu, akaomba aletewe wake mwenyewe uliokuwa mlangoni. Khalifa akashangaa, maana kwa macho nyudi zile mbili zilikuwa sawa. Ziryab akaeleza kwamba wake, ingawa una umbo lile lile, ni mwepesi kwa kiasi cha thuluthi. Nyuzi zake za sauti za juu ni za hariri isiyosokotwa kwa maji ya moto, na zile nene, pamoja na bam ambao ndio uzi wa besi, ni za utumbo wa mtoto wa simba. Nyuzi hizo hustahimili mapigo kuliko nyingine na sauti yake husikika safi zaidi.

Alipoimba, Khalifa alifurahi mno. Mwalimu wake hakufurahi. Walipotoka, Ishaq alimpa mwanafunzi wake mambo mawili achague: ama aondoke aende mbali naye atamsaidia kwa mali, ama abaki na uadui uanze. Ziryab akachagua kuondoka.

Ni haki niwaambie wasomaji kwamba kisa hiki kimetufikia kupitia Ibn Hayyan, mwanahistoria wa Cordoba aliyefariki mwaka 1076, zaidi ya miaka 200 baada ya Ziryab, na kikanakiliwa tena na al-Maqqari katika karne ya 17. Kuna masimulizi mengine yasiyotaja husuda ya Ishaq. Hayo yanasema kwamba Ziryab alikuwa Kairouan, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, kwa Amiri Ziyadat Allah, na kwamba alifukuzwa huko kwa kuimba shairi la Antara, yule shujaa ambaye mama yake alikuwa mtumwa mweusi. Amiri aliuona wimbo ule kuwa unamchoma yeye. Vyovyote iwavyo, masimulizi yote yanakubaliana juu ya jambo moja: Ziryab alifika magharibi akiwa mtu aliyefukuzwa, naye alifika na aila yake na udi wake.

Sisi husema mcheza kwao hutunzwa. Ziryab alitunzwa ugenini. Amiri al-Hakam wa Andalus, nchi ambayo leo ni Uhispania na Ureno, alimwita Cordoba. Lakini alipotia mguu bandarini Algeciras mwaka 822, sawa na 206 Hijria, alipata habari kwamba al-Hakam amefariki. Akataka kurudi Afrika. Aliyemzuia ni Mansur, mwanamuziki Myahudi wa jumba la amiri aliyetumwa kumpokea. Yeye alimsihi asubiri, kisha akamwandikia Abd al-Rahman wa Pili, mtoto wa marehemu aliyerithi utawala. Jibu likaja kwamba mgeni aje, tena kwa heshima zote.

Alilipwa dinari 200 kila mwezi, na watoto wake wanne wa kiume dinari 20 kila mmoja. Kila Idi alipewa 1,000, na katika sikukuu mbili za Mihrajan na Nawruz 500 kila moja, licha ya nafaka, majumba na mashamba. Wengine walimwonea kijicho. Kadhalika inasimuliwa kwamba aliwafundisha watu wa Cordoba kula kwa mpango, kitoweo baada ya kitoweo, kunywea bilauri badala ya vikombe vya dhahabu na fedha, na kubadilisha mavazi kwa majira ya mwaka. Hayo ndiyo watu wengi wanayomkumbukia. Mimi yananivutia zaidi aliyoyafanya ndani ya nyumba yake.

Kwanza ni ule uzi wa tano. Udi wa zamani ulikuwa na nyuzi nne, na wanafalsafa walizifananisha na tabia nne za mwili wa binadamu kama waganga wa kale walivyozieleza. Uzi wa juu ulitiwa rangi ya manjano kwa nyongo, wa pili mwekundu kwa damu, wa tatu ukaachwa mweupe kwa balghamu, na bam ukatiwa weusi kwa ile nyongo nyeusi. Ziryab akaona kwamba mwili umekamilika lakini hauna roho. Akaongeza uzi mwingine mwekundu, akauweka katikati, baina ya ule wa pili na ule wa tatu, uwe mfano wa nafsi. Hakuuongeza kwa kutaka kelele nyingi zaidi, bali kwa sababu aliona pengo akajua linajazwa na nini.

Pia aliacha kupigia kipande cha ubao, akatumia unyoya wa tai, ambao ni mwepesi mkononi na hauli nyuzi upesi. Wapigaji udi wa pwani mpaka leo kipigio hicho wanakiita risha, na risha kwa Kiarabu ni unyoya, ingawa siku hizi kimetengenezwa kwa plastiki. Na udi tuuzoeao sasa una nyuzi 11, yaani jozi tano na uzi mmoja wa besi peke yake.

Pili ni ufundishaji wake. Mwanafunzi mpya alikalishwa juu ya mto wa duara, akaambiwa apaze sauti kwa nguvu zake zote. Ikiwa sauti ni dhaifu, alifungwa kilemba kiunoni ipate kukaza. Ikiwa hafungui meno vizuri, alipewa kipande cha kijiti cha upana wa vidole vitatu, akalale nacho kinywani nyumbani kwake siku kadhaa mpaka taya zilegee. Wimbo wenyewe ulifundishwa kwa daraja: kwanza maneno na mapigo, kisha sauti ya wimbo ikiwa tupu, na mwisho ndiyo mapambo. Asiyejua mapigo hakupewa mapambo.

Tatu, na hili ndilo linalonigusa zaidi, ni mazoezi yake ya usiku. Inasimuliwa kwamba alidai majini humfundisha nyimbo usingizini. Alikuwa akizinduka ghafula usiku wa manane na kuwaita vijakazi wake wawili, Ghizlan na Hunayda. Wao hushika nyudi zao, naye hushika wake, wakapiga pamoja mpaka wimbo ule mpya umekaa, ndipo anarudi kulala. Watu husimulia kisa hiki kwa kumsifu Ziryab. Lakini mimi nawafikiria wale wanawake wawili. Hawakuwa na hiari ya kukataa, hawakulipwa dinari 200, na ni masikio yao ndiyo yaliyozihifadhi nyimbo ambazo mwenyewe pengine angezisahau kabla ya alfajiri.

Watoto wake walikuwa kumi, wanane wa kiume na wawili wa kike, Hamduna na Ulayya, na wote walijifunza muziki. Hamduna aliolewa na Waziri Hashim ibn Abd al-Aziz. Ulayya aliishi kuliko ndugu zake wote, na watu wakawa wanakwenda kwake kuchukua nyimbo za baba yake. Ziryab alifariki katikati ya karne ya 9. Nyimbo zake hazikuandikwa kwa alama za muziki, na hapana hata moja iwezayo kupigwa leo kwa uhakika kwamba ndiyo ile ile. Hata hivyo, wanamuziki wa Morocco, Algeria na Tunisia wanaopiga nuba za Andalus mpaka sasa humhesabu kuwa babu yao. Udi wa utumbo wa simba ulioza, na dinari ziliisha. Kilichobaki ni mlolongo wa watu, huyu akamfundisha yule.

Najua kwamba wanazuoni wetu wamehitilafiana tangu zamani kuhusu vyombo vya muziki, nami si mufti wa kukata shauri. Nasema tu kwamba mtu akishika chombo, basi na awe na adabu nacho.

Na adabu ndiyo iliyonishinda mimi mwenyewe. Wiki ile ile mzee jirani yetu alibisha hodi baada ya sala ya Isha. Hakugomba. Alikaa, akanywa kahawa, akasema kwamba kinanda hakimsumbui, lakini besi inapita ukutani inaingia mpaka kitandani mwake, na mkewe ni mgonjwa. Niliona haya. Sauti za chini hazizuiliwi na ukuta kama zizuiliwavyo zile za juu, nami nilijua hilo, ila sikujali. Tuliitoa spika kwenye pembe ya chumba, kwa kuwa pembe huizidisha besi, tukaiweka juu ya kipande cha godoro. Tukapatana kwamba baada ya Isha tutasikilizia masikioni tu, na adhana ikitolewa kila kitu kinazimwa.

Nilipomaliza kumsimulia mpwa wangu kisa cha Ghizlan na Hunayda, alinyamaza kidogo, kisha akanikumbusha kwamba mimi pia nimemwamsha mara mbili usiku kwa sababu nimepata kipande cha wimbo, na asubuhi yake alikuwa na kazi. Alisema kweli. Nikamtaka radhi, na tangu siku hiyo saa za mazoezi tunazipanga sote.

Ule uzi wa tano wa besi yake tumeuacha pale pale. Wake unakaa chini kabisa, si katikati kama wa Ziryab, na kwa wiki mbili nilimkataza kuugusa mpaka ajue mapigo ya wimbo kwa zile nne. Siku hizi anaugusa mara chache, pale wimbo unapotua, na sasa najua kwamba anajua kwa nini. Dada yake mdogo hupanda juu akakaa mkekani kutusikiliza. Juzi aliomba ashushiwe ule udi wa ukutani. Nikamshushia, nikampa na risha.