Smuts: Mtetezi wa Haki Aliyewasahau Majirani

Kila aendaye sokoni Kariokor, Nairobi, hulitamka jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Ni wachache wanaomkumbuka jenerali aliyewaongoza.

Jan Smuts alizaliwa 1870 katika jamii ya Makaburu wa Cape. Alisomea sheria Cambridge, na kufikia 1898 alikuwa mwanasheria mkuu wa Transvaal. Waingereza walipoivamia nchi hiyo, aliweka vitabu kando akashika bunduki. Baada ya kushindwa mwaka 1902, alifanya urafiki na washindi.

Mwaka 1916 Waingereza hao hao walimkabidhi majeshi yao ya Afrika Mashariki. Aliwasukuma Wajerumani kutoka Taveta hadi kusini ya mbali, bila kumnasa Lettow-Vorbeck. Wapagazi Waafrika walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita hivyo, wengi kwa maradhi.

Smuts alikuwa waziri mkuu wa Afrika Kusini mara mbili. Mwaka 1945 alishiriki kuandika utangulizi wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa, unaotaja haki za binadamu. Lakini mwaka 1921 polisi wa serikali yake walikuwa wamewaua waumini Waafrika zaidi ya 160 huko Bulhoek. Alipong'olewa 1948 na waasisi wa apartheid, misingi ya ubaguzi ilikuwepo tayari. Alifariki 1950.

Ndugu msomaji, tusiwapime viongozi kwa hotuba za ugenini, bali kwa hali ya wanyonge wa nyumbani kwao.