AL-JAAHIDH WA BASRA: MUUZA SAMAKI ALIYEWACHUNGUZA VIUMBE NA MAKAZI YAO



Jina lake ni Abu Uthman Amr bin Bahr. Alizaliwa Basra, Iraq, yapata mwaka 160 Hijria (776 Miladia), katika familia maskini. Imepokewa kwamba babu yake alikuwa mtu mweusi, mwendesha ngamia. Kwa kuwa macho yake yalitokeza, watu walimwita Al-Jaahidh, na jina hilo ndilo lililobaki.

Utotoni aliuza mikate na samaki kandokando ya mfereji wa Basra. Ufukara haukumzuia kusoma. Alihudhuria darsa za wanavyuoni, na inasimuliwa kwamba alikodi maduka ya vitabu akae humo usiku kucha akisoma. Baadaye alikwenda Baghdad, na maandishi yake yakampendeza Khalifa Al-Maamun.

Kitabu chake kikubwa ni Kitabul Hayawan, chenye juzuu 7. Humo hakutosheka na yaliyoandikwa na Wagiriki. Aliwauliza mabaharia, wawindaji na wakamata nyoka, na mengine akayatazama mwenyewe. Alieleza kwamba panya hutoka kutafuta riziki kwa viumbe wadogo kuliko yeye, naye huwindwa na nyoka. Kila kiumbe kina anachokula na kinachomla.

Aliona pia kwamba mahali na wakazi wake hufanana. Katika risala nyingine alitaja nchi ya mawe meusi ya Banu Sulaym, huko Hijazi. Alisema watu wa huko, swala, mbuni, mbweha, ndege na wadudu, wote ni weusi. Vilevile chawa wa nywele nyeusi huwa mweusi, na wa nywele nyeupe huwa mweupe. Yeye alidhani ardhi yenyewe ndiyo inayogeuza rangi. Wataalamu wa leo wana maelezo mengine: mnyama anayefanana na mahali pake haonekani upesi na adui, hivyo husalimika na kuzaa.

Zaidi ya miaka 1,000 baadaye, mwaka 1877, Mjerumani Karl Möbius alichunguza chaza wa baharini. Akaonyesha kwamba viumbe wa mahali pamoja ni jamii moja: wakivuliwa chaza kupita kiasi, jamii nzima hubadilika.

Katika itikadi Al-Jaahidh alikuwa Muutazila, na hapo wanavyuoni wa Ahlu Sunna hawakumfuata. Lakini bidii yake ni funzo. Kitabul Hayawan alikiandika akiwa mgonjwa, na uzeeni alipooza. Alifariki Basra mwaka 255 Hijria (868/869). Husimuliwa kwamba vitabu vyake vilimwangukia.

Ndugu wanafunzi, umaskini usiwe udhuru wa kuacha kusoma. Wala tusiue kiumbe kwa mchezo au kuharibu makazi yake. Huenda kiumbe hicho ndicho riziki ambayo Allah Subhaanahu wa Taala amemwekea kiumbe mwingine.