Mohamed Amin, mpiga picha aliyeionyesha dunia njaa

Ukiwatajia vijana wa hapa Golbanti jina la Mohamed Amin, wengi humdhani Idi Amin wa Uganda. Siwalaumu, alifariki kabla wengi wao hawajazaliwa. Lakini hawa hawa ndio wanaopiga video za mafuriko kwa simu zao kila Mto Tana unapofurika, kwa hivyo nimeona leo niwaandikie habari zake.

Mo, kama alivyozoeleka, alizaliwa Eastleigh, Nairobi, tarehe 29 Agosti 1943, akakulia Dar es Salaam, ambako babake alikuwa mfanyakazi wa reli. Alipata kamera ndogo ya Box Brownie akiwa bado mwanafunzi, na tangu hapo vitabu vikawa nyuma. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake mwenyewe huko huko Dar, akaiita Camerapix. Alifanya kazi na Visnews ya London na mashirika mengine makubwa, lakini Camerapix ilibaki yake mpaka kufa kwake. Jambo hilo mimi naliona kubwa kuliko tuzo zote alizopata.

Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 aliyarekodi. Miaka miwili baadaye Zanzibar hiyo hiyo ikamtia jela siku 27, na baada ya hapo akahamia Nairobi. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya alipopigwa risasi mjini, Mo alifika mapema akarekodi dakika zake za mwisho. Kazi hiyo ilimpatia Uingereza tuzo ya mpiga picha bora wa televisheni wa mwaka ule.

Lililomtangaza zaidi ni Korem, kaskazini mwa Ethiopia, Oktoba 1984. Serikali ya Mengistu haikutaka wanahabari waende huko, kwa sababu kulikuwa na vita. Mo akahangaika na maofisa wa Addis Ababa mpaka ruhusa ikatoka, akaenda pamoja na Michael Buerk wa BBC. Walichokikuta kilikuwa maelfu ya watu wameketi uwandani alfajiri, baridi kali, watoto wanakufa mikononi mwa mama zao. Mo hakupapasa juu juu. Kamera yake ilimtazama mtu usoni, ikakaa. Ripoti ilirushwa tarehe 23 Oktoba, kisha vituo 425 duniani vikaionyesha, na watazamaji wakahesabiwa kufikia milioni 470. Wanamuziki wakatikisika, na tarehe 13 Julai 1985 yakafanyika matamasha ya Live Aid, London na Philadelphia, kuchangisha pesa.

Wapo wanaosema picha zile zilimfanya Mwafrika aonekane ombaomba mbele ya dunia, na kwamba vita vilivyosababisha sehemu kubwa ya njaa ile vilisahaulika. Sipingi. Hata hivyo, nikilinganisha na tunayoyaona huku, najua ningemchagua nani. Mafuriko fulani kuna watu wa televisheni walifika kwetu, wakapiga picha ya mtumbwi na ya mtoto aliyejaa matope, wakaondoka kabla ya adhuhuri bila kumuuliza mzee hata mmoja shamba lake lilikuwa wapi. Jioni taarifa ya habari ikatuita wakazi wa kijiji kingine kabisa.

Wala Mo hakuwa mtu wa misiba tu. Mwaka 1978 alitoa kitabu cha picha za Hija, na akapiga filamu na kutoa vitabu kuhusu Ziwa Turkana, wanyama na watu wa Kenya. Nadhani hapo ndipo moyo wake ulipokuwa, ingawa dunia ilimkumbuka kwa njaa.

Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa alipokuwa akirekodi. Msaidizi wake wa sauti, John Mathai, aliuawa, na Mo akapoteza mkono wa kushoto. Akafungiwa mkono wa bandia, akarudi kazini. Nani kati yetu angerudi?

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Vijana watatu wakaiteka, wakamtaka rubani awapeleke Australia, na mafuta yakaisha juu ya bahari. Ndege ikaanguka majini karibu na ufuo wa Ngazija. Kati ya watu 175, walikufa 125, akiwemo Mo na mwandishi mwenzake Brian Tetley. Walionusurika walisimulia kwamba hadi dakika za mwisho Mo alikuwa amesimama, akibishana na watekaji. Alikuwa na miaka 53.

Picha na filamu zake, maelfu kwa maelfu, zimehifadhiwa Camerapix, Nairobi, chini ya mwanawe Salim. Mwaka 2006 ilitoka filamu ya Salim kuhusu babake, Mo & Me. Kijana mwenye simu na bando, aitafute.